Jiko langu la kopo halikubakisha hata kaa moja, na hapo ndipo nilipomkosea mama

Wakuu, ejok. Salamu kwa wote, wa mjini na wa mashinani.

Naandika nikiwa Kakuma. Mama yangu mzazi amekaa hapa nje kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja ameunyoosha juu ya ndoo. Ninayosimulia yametokea nyumbani kwetu na sijayatia chumvi. Natamani yangekuwa chumvi tupu.

Wenyeji wa jukwaa hili mtakumbuka uzi wangu wa jiko la kopo. Niliweka picha, mkanipa likes kibao, mmoja akaniita injinia. Mpaka leo watu wananiingia inbox wakitaka vipimo.

Ndiyo maana naandika. Kabla ya vipimo, someni hii kwanza.

Kazi yangu ni kutengeneza simu na redio, nina kibanda hapa Kakuma town. Mama alikuwa akiishi peke yake nje kidogo ya Lorugum, kwenye boma letu la zamani. Baba alishatangulia na sisi watoto tumetawanyika, kila mtu na mahangaiko yake.

Mama alikuwa na mbuzi wake wachache na moto wake wa mawe matatu. Kila nikienda kumwona namkuta macho mekundu kwa moshi, anakohoa, na mikono imechanwachanwa na miiba ya mathenge kwa sababu ya kutafuta kuni.

Iliniuma. Mzee wa watu anateseka hivyo na mimi mtoto wake najiita fundi.

Jirani ya kibanda changu kuna Mkongomani, jina lake Bahati. Yeye ni fundi wa makopo. Kopo la mafuta ya kupikia mbele yake linageuka taa, karai, sanduku, chochote unachotaka. Nilikuwa nimeona video ya jiko la kuni la makopo mawili, nikamwonyesha. Akacheka, akasogeza kiti.

Wazo lenyewe ni rahisi. Unachukua kopo kubwa na kopo dogo, dogo linakaa ndani ya kubwa na kuacha nafasi katikati. Kubwa unalitoboa matundu chini. Dogo unalitoboa chini na pia juu, kuzunguka mdomo. Hewa inapanda katikati ya makopo, inapata moto, inatokea matundu ya juu na kuuchoma moshi kabla haujatoroka.

La kwanza lilitutia aibu. Matundu ya juu yalikuwa machache, na mimi nikawasha kuni kutokea chini kama nilivyozoea. Moshi uliotoka hapo, mwenye hoteli wa ng'ambo ya barabara alikuja mbio akidhani kibanda kinaungua.

La pili likawaka vizuri, tukaweka sufuria ya ugali. Sasa wakuu, ugali unataka kusongwa, na jiko la kopo ni jepesi. Mwiko mara mbili, tatu, ugali wote mchangani. Tukala mkate siku hiyo.

Nikajifanya mjanja, nikalichimbia jiko kwenye mchanga ili lisitikisike. Nikaziba matundu ya hewa yote. Moshi tena.

La tatu ndilo lililokubali. Tuliongeza matundu, tukawasha kuni kwa juu, tukalibana kwa mawe kwa nje. Ndimi za moto zikatoka kwenye yale matundu pande zote, zimenyooka, hakuna moshi. Bahati akaruka na nyundo mkononi.

"Ndugu, ona! Iko inawaka kama gazi! Wallahi hii iko muzuri sana!"

Chai ilichemka kwa vijiti vya kujaza viganja viwili tu. Moto ulipokwisha nikaligeuza, yakamwagika majivu laini. Hakuna kaa. Kila kitu kimeungua kikaisha.

Hilo ndilo nililojivunia kuliko yote. Kwenye ule uzi niliandika kwa herufi kubwa: HALIBAKISHI HATA KAA MOJA.

Wikendi iliyofuata nikalifunga kwenye gunia, nikashuka Lodwar, nikapata pickup ya Lorugum. Furaha niliyokuwa nayo njiani siwezi kuielezea.

Nilimpikia mama chai mbele ya macho yake. Akalizunguka lile jiko, akainama, akachungulia ndani. Kisha akaniuliza kwa Kiturkana, nami nawatafsiria:

"Na huu moto unalala wapi?"

Kwa wasiojua, moto wa mawe matatu hauzimwi. Jioni unayafukia makaa kwenye majivu, asubuhi unayafukua, unapuliza, maisha yanaendelea. Moto wa mama ulikuwa unalala hivyo tangu mimi sijajua kutembea.

Nikacheka. "Mama, huu haulali. Ukimaliza unazimika, kesho unawasha mwingine." Nikamkabidhi pakiti nzima ya viberiti.

Hakubisha. Mama si mtu wa kubishana na zawadi.

Kisha nikayaondoa yale mawe matatu. Nilisema yanachukua nafasi bure. Nikayabeba moja moja mpaka zizini, yakawa ya kuegemeza mlango wa mbuzi.

Kesho yake asubuhi akaja Mama Ekal.

Huyu ni jirani yetu, boma lake liko ng'ambo ya lugga, ule mto mkavu. Mume wake alifariki zamani, ni rika moja na mama. Kila asubuhi, tangu nikiwa mtoto, Mama Ekal alikuwa anakuja na kigae cha chungu kuchukua moto kwetu. Anakaa, wanasalimiana, wanaulizana mbuzi wamelalaje, anapewa chai, tumbaku inatolewa. Ndipo anachukua makaa yake mawili, anakwenda.

Siku hiyo alikuja na kigae chake, akatazama mahali pa moto. Hapakuwa na mawe. Hapakuwa na moto.

Mimi nikamwonyesha jiko kwa mbwembwe zote. Nikampa na kiberiti.

Nikamwambia, "Mama, sasa hutahangaika tena kuja mpaka huku kila siku."

Wakuu, hayo maneno niliyasema kwa mdomo wangu, tena natabasamu.

Akakipokea kwa mikono miwili. Akasema asante. Akasimama kidogo na kile kigae chake kitupu, akamtazama mama, mama akatazama chini. Kisha akaenda. Hakukaa.

Nikaona nimesaidia wanawake wawili kwa mpigo mmoja. Nikarudi Kakuma.

Kila nikipiga simu nauliza jiko linaendeleaje. Mama anasema linapika. Siku moja akaniambia, "Chai inaiva kabla mtu hajafika."

Mimi nikasikia sifa. Nikaiweka hiyo kwenye uzi kama ushuhuda wa mteja, mkacheka na kushangilia. Sikumuuliza, mtu gani huyo anayemsubiri?

Halafu ikaja ile siku.

Mama alitoka asubuhi kuwafungulia mbuzi. Kati ya nyumba na zizi mguu ukateleza, akaanguka kwa ubavu. Nyonga ikavunjika. Hakuweza kuinuka, hata kujiburuta mpaka kivulini alishindwa. Simu ilikuwa ndani, imening'inizwa ukutani.

Jua la Turkana mnalijua. Wasiolijua, mshukuruni Mungu.

Mchana nilimpigia, hakupokea. Nikasema labda yuko na mbuzi. Nikaendelea kubadilisha kioo cha simu ya mteja.

Alilala pale mpaka jua lilipoanza kuinama. Aliyemkuta ni Mama Ekal. Alikuwa amewasikia mbuzi wakilia zizini tangu asubuhi, akadhani mama anakamua, kisha akadhani anatenga watoto wao, mwishowe akaona hapana, huku kulia kumezidi. Akavuka lugga.

Alimpa maji kidogo kidogo, akamfunika kwa shuka yake, akapiga kelele mpaka watu wa pikipiki wakasikia. Akapelekwa hospitali Lodwar.

Nilimkuta kitandani, midomo imepasuka, ngozi ya shavu moja imebabuka kwa mchanga wa moto. Mama Ekal alikuwa amekaa sakafuni karibu naye. Nikapiga magoti kumshukuru.

Alinijibu kwa upole kabisa, na afadhali angenipiga kofi.

"Mwanangu, ningekuja kuchukua moto ningemkuta mapema. Lakini moto haukuwepo. Na mtu haendi kwa watu asubuhi mikono mitupu, bila jambo la kumpeleka, kama anayefuata chai."

Nikamuuliza, kwa hiyo siku zote hizo alikuwa anawasha kwa kile kiberiti?

"Kiberiti chako kipo. Sijakifungua. Moto nachukua kwa kina Akai."

Kwa kina Akai ni mbali mara mbili ya kwetu, wakuu. Mama wa watu alikuwa anatembea njia yote hiyo, kwa sababu hakuwa anafuata moto peke yake. Alikuwa anafuata mtu wa kumuuliza amelalaje. Na mimi niliukata uzi huo kati yake na mama yangu, kisha nikasubiri likes.

Nililia pale wodini. Sioni haya kusema.

Mama ameruhusiwa, lakini nyonga haikushika vizuri. Daktari amesema atatembea na fimbo, na si mbali. Lorugum peke yake haiwezekani tena. Mbuzi wamekwenda kwa mjomba. Niko naye hapa Kakuma, kwenye chumba cha kupanga, na kila siku ananiuliza kama Mama Ekal amepiga kwa simu ya mtu.

Sijawahi kumsikia akinilaumu. Nilipomwomba msamaha alisema, "Ulikuwa unayaonea huruma macho yangu." Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Jiko lenyewe bado ninalo. Halina kosa, kopo ni kopo. Linapika vizuri mno na moshi haupo. Kosa ni la fundi aliyepima hewa, matundu na vijiti, lakini hakumpima mtu anayekuja asubuhi.

Nilimnunulia mama mtungi mdogo wa gesi, akaukataa. Basi nikaokota mawe matatu nyuma ya plot, nikampangia nje ya mlango, upande ambao moshi unachukuliwa na upepo. Jioni anayafukia makaa yake mwenyewe, ameketi, kwa fimbo.

Bahati anapita hapo kila asubuhi akienda kibandani. Anahitaji moto wa kupashia chuma chake cha kuunganishia makopo. Anachutama mbele ya mama na kopo lake.

"Mama, amuka muzuri? Unipatie ka moto kadogo."

Mama Kiswahili chake ni cha kuokoteza. "Kaa kwanza," anamwambia. "Moto iko. Kaa."

Na Bahati anakaa. Wanaangaliana, hawana maneno mengi ya pamoja, wanakunywa chai. Kisha anachukua makaa mawili, anakwenda.

Bahati ana kiberiti cha gesi mfukoni. Nakijua, mimi ndiye niliyemnunulia.

Somo langu ni hili, na nimelilipia: ukitaka kumpunguzia mzazi shida, angalia kwanza ni nani anayeingia nyumbani kwake kwa sababu ya hiyo shida. Usije ukaiondoa ukamfukuza na yeye.

Komenti ziko wazi, hata wa kunisema waniseme, nitasoma zote. Vipimo vya jiko nitatoa kwa yeyote. Ila kabla hujaniuliza, nijibu hili: asubuhi ya leo, nani ameingia kwa mama yako, na alikuwa anafuata nini?