Rolaifleksi Hutamkwa Polepole

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa laini, nikaambiwa nifute kamera zilizokuwa kwenye kabati la kioo. Zilikuwa saba. Nilikuwa nimetoka kidato cha nne, Kiingereza kimenijaa mdomoni, basi nikaanza kusoma majina yake kwa sauti ili mwenye studio asikie. Tulimwita Tajiri, Mhindi mpole aliyekuwa pia na duka la vitambaa mlango wa pili. Akasikia.

"Safi sana," akasema. "Leo tumepata mtu aliyesoma."

Fundi Mrisho, mpiga picha wetu, mzee wa hapa hapa Tabora mjini, alikaa kwenye kigoda akichonga penseli ya kurekebishia negativu, yaani ile filamu iliyokwisha kusafishwa ambayo cheupe huonekana cheusi na cheusi cheupe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Kisha akasema bila kuinua macho, "Majina hayo umeyasoma, binti. Kuyatamka kutakuja."

Nilichukia. Nawaambia ninyi mnaomaliza shule sasa na kutafuta kazi: nilichukia mtu aliyenikaribisha kwa ukweli, nikampenda aliyenikaribisha kwa sifa.

Majina yale Fundi alinieleza moja moja nikiwa nafuta vumbi, nami nilisikiliza kwa sikio moja. Kodak halina maana yoyote. Aliyelibuni aliipenda tu herufi K, akataka neno ambalo mtu yeyote angeweza kulitamka, na kweli hata bibi wa kijijini Ziba analitamka. Leica ni Laika: mwanzo wa jina la mwenye kiwanda umeunganishwa na mwanzo wa neno kamera. Canon ya Wajapani ilianza kwa jina la mungu wao wa huruma. Na Rolleiflex, kamera kubwa ya studio yenye macho mawili, moja juu ya jingine, sehemu ya jina lake inatokana na roli ya filamu. Mimi nilisema Roliflex, kama ambavyo ningelisoma darasani. Fundi alisema Rolaifleksi, kama Wajerumani walioitengeneza. Alifundishwa na mzee mmoja, na mzee yule alifundishwa na bruda Mjerumani wa misheni.

Si ajabu kwa mji huu. Misafara ilipopita hapa na mizigo ya pwani, bibi zetu walikiita kitambaa merikani kwa sababu kilitoka Marekani, na hakuna aliyewacheka. Mimi nikamcheka Fundi. Hakufika darasa la tano, nikaona inatosha.

Nilikaa kaunta miezi minne. Chumba cha kupigia picha kilikuwa nyuma ya pazia. Kila mteja alipoingia nilimsikia Fundi akisema, "Tulia mpaka nimalize jina lake." Kisha akalivuta jina kama mtu anayeadhini: "Rooolaaaifleeeksi." Watoto wa mtaani waliliigiza, wakikaa kimya bila kupumua mpaka jina liishe. Nilidhani ni mbwembwe za mzee asiyejua kusoma vizuri.

Sikuwahi kuuliza. Ningeuliza, ningeambiwa kwamba mtambo wa mwendo wa polepole ndani ya kamera ile ulikuwa umekufa, na vipuri, kama vitu vingine miaka ile, havikuja. Fundi aliiweka kwenye alama ya B, ambapo kilango cha mwanga hubaki wazi muda wote kidole kimebonyeza. Mwanga wetu ulikuwa dirisha moja lenye shuka jeupe. Ulihitaji karibu sekunde mbili. Saa hakuwa nayo. Jina ndilo lililokuwa saa yake. Alibonyeza kwenye Ro, akaachia kwenye si, na siku za mawingu alilivuta zaidi. Mji mzima ulikuwa na picha zilizopimwa kwa jina lile.

Bibi Nyamizi alitoka Sikonge amepakiwa nyuma ya baiskeli ya jirani yake, amejifunika kanga mpya, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakuwahi kupigwa picha. Mwanawe Luhende, mfanyakazi wa reli Kigoma, alikuwa ameandika kuomba picha ya mama yake. Wiki ile bibi alikuwa anahamia kijiji kipya, na hakujua lini angefika tena mjini. Kwenye filamu ilikuwa imebaki nafasi moja tu, na Tajiri alishasema nyingine haijulikani itakuja lini.

"Mwangaluka, mwanangu," bibi alinisalimia kwa Kinyamwezi. "Nisipendeze sana, asije akadhani sina shida."

Siku hiyo afisa mmoja wa wilaya alikuwa amekaa kwenye benchi la kaunta, amevaa suti ya mikono mifupi, anasubiri picha zake za pasipoti. Nilitaka ajue kwamba mimi si mfuta vumbi. Nikafunua pazia. Fundi alikuwa ameanza, "Rooolaaai—"

"Roliflex, mzee," nikasema kwa sauti. "Inasomwa Roliflex."

Afisa akacheka. Bibi Nyamizi akageuza uso kumtazama anayecheka, naye akacheka, nadhani kwa adabu tu. Fundi akamalizia, "fleeeksi," taratibu. Sijui kwa nini alimalizia.

Picha ilipotoka chumba cha giza, bibi alikuwa na pua mbili, macho manne, na mdomo kama mvuke wa sufuria. Kwao alisharudi. Tajiri aliishika kwa ncha za vidole.

"Mrisho, vipi? Mkono unatetemeka siku hizi?"

Fundi alinitazama. Nilikuwa nafuta kioo cha kabati kilichokuwa safi tayari. Alinisubiri, nasema kweli, kwa urefu wa jina lile lile. Nikaendelea kufuta.

"Mkono, Tajiri," akasema. "Umezeeka."

Mwezi ulipokwisha Fundi aliacha kazi, akaenda kwa dada yake Kaliua. Tajiri akanikabidhi kamera. Nilipandishwa cheo na ukimya wangu. Filamu ilipokuja, picha zangu kumi na mbili za kwanza zilitoka nyeusi kama sufuria ya msibani, maana nilisema Roliflex haraka haraka nikaachia. Ndipo nikaelewa. Nikaanza kulivuta jina kama yeye, kwa sauti yake, na wateja wakanisifu kuwa nimejua kazi. Kila sifa ilikuwa kofi.

Luhende alikuja baada ya mvua. Mama yake alikuwa ameshafariki kule kijijini. Nilimpa picha ile ile, hatukuwa na nyingine. Aliisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Nani alimchekesha?" akauliza. "Mama hakuwa mtu wa kucheka mbele ya wageni."

"Sijui," nikasema.

"Haya. Angalau alicheka." Akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

Kazi ile niliifanya miaka mitano. Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na nne, na mtoto mgongoni, mnaweza kucheka. Mwezi uliopita nilipanda treni na binti yangu Zena hadi Kaliua. Fundi Mrisho anapiga picha wasafiri pembeni mwa stesheni kwa kamera ya sanduku la mbao isiyo na jina lolote. Bado anawaambia watulie mpaka amalize jina, na bado ni Rolaifleksi.

Nilimwamkia. Nikamtajia jina la mtoto, kisha nikamwambia yote nikiwa nimesimama, mtoto akinivuta kitambaa cha kichwa.

"Mama Zena," akasema, "hayo nayajua. Nilikuwepo. Mwambie ambaye hakuwepo."

Kisha akamtaka Zena akae kwenye kiti. Akashika kifuniko cha lenzi, akanitazama. "Sema wewe. Leo mimi nitafuata mdomo wako."

Nilisema Rooolaaaifleeeksi mbele ya wasafiri wote. Nililifikisha mwisho. Zena hakutikisika. Picha hiyo ninayo, imetoka safi, kila unywele.

Nina hasira. Nina hasira na Tajiri aliyenisifu kwa kusoma majina, pia na shule iliyonipa cheti bila kunifundisha kuuliza. Lakini hao nikiwapanga mstari, mimi natangulia mbele. Ninyi mtakaoajiriwa kesho mtakuta mzee anafanya jambo linalowachekesha. Muulizeni analifanyia nini, tena mumuulize mkiwa wawili tu, hakuna afisa kwenye benchi.

Na wewe Luhende wa reli, kama gazeti hili linafika Kigoma. Uliniuliza nani alimchekesha mama yako. Mimi. Mkono wa Fundi haukuwa na kosa.