Vijiti Vifupi vya Mguu wa Punda

Punda wetu alivunjika mguu mwezi wa tatu baada ya kumzika mume wangu. Nasema wetu kwa mazoea. Alikuwa wa mume wangu. Mimi nilibaki naye tu, kama nilivyobaki na koti lililoning'inia nyuma ya mlango.

Mume wangu alikufa kwa kidonda cha mguu. Ilikuwa sukari. Alikifunga mwenyewe kwa vitambaa na majani kwa muda mrefu, na alipokubali kwenda hospitali ya mjini, madaktari hawakuwa na la kufanya. Kwa hiyo punda alipovunjika nilitaka jambo moja tu: mguu mmoja katika nyumba ile upone.

Tunakaa pembezoni mwa Miyuji, na bomba lilikuwa halijatufikia. Punda ndiye aliyetuletea maji, madumu manne kila safari. Siku ile alitumbukiza mguu wa mbele kwenye mtaro waliouchimba kulaza hilo bomba. Alipoutoa, chini ya goti mfupa ulikuwa unacheza. Ngozi ilikuwa nzima. Niliitazama kwa macho yangu, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Mume wangu alijulikana kwa kufunga miguu ya mbuzi. Alikuwa akichonga vijiti vinne vya mti wa mkole, kila kimoja urefu wa kiganja, akazungushia kitambaa palipovunjika, akavikaza kwa mpira wa baiskeli. Kazi yangu ilikuwa kushika mguu usitikisike. Nimeshika miguu zaidi ya miaka ishirini. Wiki kadhaa zikipita, mbuzi anaruka zizini.

Basi sikumwita mtu. Nilichonga vijiti vya urefu ule ule, nikafunga kama alivyofunga yeye. Nilipomaliza nilisema moyoni: unaona, nimekumbuka.

Jioni alikuja shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Akainama, akakagua.

"Shemeji, hapa kaka angestaafu akuachie kazi."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Umebakiza kuvaa koti lake na kukohoa."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Asubuhi nilimkuta punda amesimama vile vile nilivyomwacha. Mfupa ulikuwa umetoboa ngozi, umetokeza juu ya vijiti, mweupe kama jino.

Nikampigia simu daktari wa mifugo. Alikuja kwa pikipiki, kijana mpole. Alinipa shikamoo kabla hata ya kuvua kofia. Alivifungua vijiti, akavipanga chini kimoja kimoja.

"Mama, nani alimfunga?"

Shemeji akaniwahi. "Mzee mmoja tu, alikuwa anapita."

"Nilimfunga mimi," nikasema.

Daktari akanieleza bila ukali. Mbuzi ni mwepesi. Punda ni mzito, na hushinda amesimama. Kijiti kikiishia karibu na palipovunjika kinageuka mtaimbo: kila punda akiegemea, kinausukuma mfupa nje. Vijiti vilitakiwa vianzie kwenye ukwato na kupita goti, mpaka karibu na kifua.

"Ngozi ingekuwa nzima ningekuwa na matumaini," alisema. "Sasa uchafu umeshaingia."

"Kwa hiyo unamchoma sindano afe?"

"Hiyo ndiyo njia fupi, mama. Au nijaribu."

Alimpigia simu mwalimu wake wa zamani, Morogoro, mtu aliyewahi kuunga miguu ya farasi. Nilisikia sauti ya mzee ikisema, "Usimfiche huyo mama." Hakunificha. Alisema wengi hawaponi. Nikamwambia ajaribu.

Hatukuwa na mahali laini pa kumlaza. Nikatoa godoro la marehemu. Vitu vyake vilikuwa bado havijagawiwa, na godoro lilikuwa mojawapo, lakini nilitoa. Punda alichomwa dawa ya usingizi, akalegea, tukamlaza juu yake. Daktari aliosha jeraha chupa baada ya chupa. Akatoboa mfupa kwa keekee aliyoichemsha kwenye sufuria yangu, akapitisha vyuma viwili juu ya palipovunjika na viwili chini, kisha akavifungia vyote ndani ya hogo, ile plasta ngumu wanayofungwa watu, ili uzito ubebwe na vyuma na mfupa upumzike. Mimi nilishika mguu.

Siku tano alikula. Nilimletea pumba na maji mpaka mdomoni, na maji hayo niliyabeba mimi kichwani. Siku ya sita ilianza harufu. Ilikuwa hafifu, nikajiambia ni pumba zimechacha. Siku ya saba nilikaa mbali naye ili nisiisikie. Siku ya nane aligoma kula, akaweka kichwa kwenye bega langu, na sikuweza tena kujidanganya. Harufu ile niliijua. Nilikuwa nimelala nayo chumba kimoja miezi mingi, nikifua vitambaa, nikiambiwa kidonda kinakauka, nikiitikia.

Nikampigia daktari nikamwambia aje na sindano.

"Shemeji, tusubiri kidogo," shemeji alisema. "Kaka angesubiri."

"Najua," nikamjibu. "Ndivyo alivyofanya."

Shemeji alikwenda kukaa nyuma ya zizi mpaka daktari alipomaliza. Mimi nilishika kichwa, kwa kuwa mguu haukuhitaji tena kushikwa.

Siku ya kugawa vitu, wifi yangu mkubwa aliuliza godoro liko wapi. Nilimwonyesha. Nilikuwa nimelisugua kwa sabuni ya unga nikalianika, lakini damu ilibaki. Nikamwambia ilikuwa ya nani na ilifikaje pale. Ndugu wa marehemu walitazamana, wakaendelea na mashati.

Hakuna aliyelitaka. Ninalilalia mimi.