Mzee aliyeipa televisheni mgongo

Jumamosi mchana niliingia duka moja la Mbugani kununua sukari ya ibada ya kumkumbuka marehemu mke wangu. Televisheni ilikuwa ikionyesha mieleka ya kulipwa kutoka Dar es Salaam. Binti aliyeolewa Bujonde, ambaye misimu miwili tu iliyopita alikuwa akibeba magunia ya mpunga, alikuwa anapigania mkanda wa ubingwa.

Baba mkwe wake alikuwemo dukani. Alikalia ndoo, ameipa televisheni mgongo, macho kwenye magunia ya mchele. Kwa mila ya Wanyakyusa, mzee hamtazami mkamwana wake.

"Geuka, baba," mwenye duka alimwambia. "Huyo yuko Dar, hakuoni."

"Yeye hanioni. Mimi nitamwona."

"Na mwanao siku hizi anathubutu kubishana nyumbani?" mteja mmoja akatania.

"Amebebwa juu!" tukapiga kelele. "Ametupwa!"

Mzee alishika kofia kwa mikono miwili. "Amelala?"

"Amelala, mzee. Mwamuzi anahesabu."

"Inuka, mama," aliyaambia magunia.

Akainuka. Punde mpinzani ndiye aliyekuwa chini, na binti akavishwa mkanda. Mungu anisamehe, nilirukaruka na msiba wangu.

Mzee alisubiri mpaka tangazo la sabuni likaanza, ndipo akatugeukia.

"Sasa nisimulieni tangu mwanzo, polepole."

Tulikuwa watu saba, na kila mmoja alimsimulia kwa namna yake. Nadhani dukani mle ni yeye peke yake aliyeuona ushindi ule mara saba.