Philadelphia Huanzia Katikati

Siku ya kwanza kazini niliharibu ukuta wa mtu. Ilikuwa Rongo, na mwenye duka alitaka tuliandike jina PHILADELPHIA ukutani. Mimi kijana wa Sori, shule nimeachia Form Two, mdomo mrefu kuliko brashi. Nikaanzia kushoto. Kufika L ya pili, ukuta umeisha.

Bosi wangu, Fundi Mkuu, Mkuria kutoka Migori, akasimama nyuma yangu.

"Kijana wa Sori, hizo zingine utaandika kwa hewa?"

"Mzee, ukuta ni mfupi."

"Ukuta hauna shida. Shida ni haraka yako."

Akanifundisha. Unahesabu herufi, unatafuta katikati ya jina na katikati ya ukuta. Halafu mnapiga uzi: unapaka uzi chaki, mnauvuta watu wawili, unauachilia, pap! Mstari umenyooka. Ndiyo unaanza katikati ukienda pande zote mbili. Nyinyi wa kompyuta hamjui hiyo raha.

Huku kwetu tunapenda majina ya Amerika. Kinyozi ni Chicago, hoteli ya chapati ni Washington. Lakini Fundi Mkuu alikuwa na sheria: haandiki mji asioujua. Alikuwa na kitabu cha historia kisicho na jalada, alikitoa kwa rundo la mitumba, amekisoma mpaka karatasi zimekuwa laini kama leso. Rangi ikikauka, ananisomesha. Boston, watu walikasirikia ushuru wakamwaga chai baharini. "Hao ni watu kama wewe," aliniambia.

Tukafanya kazi Rongo, tukahamia Uriri, kisha Homa Bay. Huko hedimasta wa shule moja ya kibinafsi alitaka ramani ya Amerika kwa ukuta wa maktaba, na miji mitano iliyobeba historia ya lile taifa. Mji muhimu zaidi uwe na herufi kubwa zaidi.

"New York iwe kubwa," akasema. "Dada yangu anaishi huko."

Fundi Mkuu akatikisa kichwa. "New York rais wa kwanza aliapishwa, sikatai. Washington ndiyo makao ya serikali. Boston walianzisha fujo. Montgomery watu weusi walikataa kupanda basi zaidi ya mwaka, mpaka ubaguzi kwa basi ukaondolewa. Lakini tangazo la uhuru lilitoka Philadelphia, na katiba pia iliandikwa huko. Mwalimu, mtoto huwezi kumwandikia amezaliwa kwa shangazi."

Hedimasta hakucheka. "Mzee, nasikia hata macho yako yameisha. Utanifundisha nini?"

Hapo nikawaka. "Rudia tena! Huyu ameandika nusu ya Migori! Wewe umeandika nini, barua za kufukuza watoto?"

"Sawa," hedimasta akasema, polepole. "Basi apande aandike hiyo Philadelphia yake, yeye mwenyewe. Wewe ukigusa brashi, kazi imeisha, na kila shule hapa Homa Bay itajua kwa nini."

Na hiyo ya macho ilikuwa kweli. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Miaka miwili yeye anaelekeza, mimi ndiyo naandika, na watu walinong'ona tu, hakuna aliyejua kwa hakika isipokuwa mimi. Sasa mdomo wangu ulikuwa umeenda kuuza jina lake.

Hakunigombeza. Alisema tu, chini chini, "Umeshanipandisha ngazi. Sasa nipatie uzi."

Nikavuta nyuzi mbili, ya juu na ya chini, nikazikaza kwa misumari. Kila mahali herufi inaanza, nikafunga fundo. Akapanda. Akapapasa mafundo mpaka akapata katikati, akaweka D, akaweka E, akaendelea huku na huku kwa vidole. Hedimasta alivuta kiti akatazama. Mimi nimeshika ngazi, nimeuma ulimi.

Kengele ya saa kumi ilimpata kwa A ya mwisho. Fundo lilikuwa limeteleza, A ikainama.

"Mzee," hedimasta akasema, "hiyo A imelala."

"Imesafiri mbali, mwalimu. Wacha ipumzike."

Hedimasta akacheka mpaka akashika ukuta. Akamsaidia kushuka, akamshika mkono muda mrefu. "Kesho njoo na huyu mkali wako, amalizie zingine." Kama aliona ile siri kwa mafundo, hakuwahi kusema.

Miaka ikapita, Fundi Mkuu tukamzika kwao. Halafu mashine za kuchapisha mabango zikafika hata Uriri, na mimi nikaweka brashi chini nikiwa bado kijana. Cheka ukitaka, lakini kustaafu ni kustaafu.

Juzi hedimasta mpya wa ile shule aliniita nifufue ile ramani. Nikapaka Boston, Washington, New York, Montgomery, zikang'aa. Philadelphia nikaifuata herufi kwa herufi, vile aliiacha.

"Fundi, na hiyo A, hutainyoosha? Nani aliiandika vibaya hivyo?"

Damu ikapanda. Mdomo ukafunguka. Nikakumbuka mara ya mwisho huo mdomo ulinipeleka wapi.

"Imesafiri mbali," nikamwambia, nikaosha brashi.