Neno Nililomsemea

Alikuwa na miaka sita alipoletwa darasani kwangu, katika shule ndogo ya mtaa wa Namuwongo iliyo karibu na reli. Baba yake alikuwa askari polisi, mtu wa kaskazini, mrefu, asiye na maneno mengi. Aliniambia kwamba binti yake anaelewa kila kitu ila ulimi unamkwama, na kwamba shule mbili zilikwisha kumrudisha nyumbani. Kwetu mwalimu mkuu alikuwa ameamua watoto wa namna hiyo wasome pamoja na wenzao. Mimi nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya siku mbili, basi nikahesabiwa kuwa mjuzi.

Mjuzi sikuwa. Niliyokumbuka yalikuwa machache: usimharakishe, mtazame kwa utulivu, na zaidi ya yote, usimmalizie neno lake. Hayo niliyashika, nikawafundisha na watoto wengine. Mmoja akidakia neno, wenzake waliweka kidole mdomoni kumnyamazisha. Nilikata picha kwenye kalenda kuukuu, na wakati wa uji nikawa nakaa naye mkekani, yeye anachagua picha na kunieleza. Herufi ya k ilimtesa kuliko zote. "Kuku" aliweza kulianza mara tano, sita, shingo imekakamaa na macho ameyafumba, hadi litoke.

Kufikia muhula wa pili alikuwa ananisimulia habari za kambi ya polisi walikoishi. Paka alikuwa amezaa ndani ya buti la baba yake, na baba akaenda kazini amevaa kandambili. Kisa hicho kilichukua muda wote wa uji. Uji wangu ulipoa ukafanya utando juu, na sikujali.

Ikaja siku ya wazazi. Mwalimu mkuu alitaka watoto watatu wawakaribishe wageni, mmoja kwa Kiingereza, mmoja kwa Kiganda na mmoja kwa Kiswahili. Sehemu ya Kiswahili nikampa yeye, kwa kuwa ndiyo lugha ya kambini kwao. Maneno yalikuwa matatu tu: karibuni wazazi wetu. Tuliyarudia wiki mbili. Najiambia kwamba nilifanya hivyo kwa ajili yake. Lakini nilitaka pia watu waone kazi yangu.

Baba yake alikuja na sare, akakaa mstari wa mbele. Wale wawili walisema yao wakashangiliwa. Yeye akasogea mbele, akaanza. Ka. Ka. Ka. Shingo ikakakamaa. Watoto wa darasa langu walitulia kimya, wakimngoja kama nilivyowafundisha. Nyuma mtu mzima mmoja akacheka. Mwalimu mkuu akatazama saa. Nami nikasema kwa sauti ya wazi, huku nikitabasamu, "Karibuni wazazi wetu."

Watu wakapiga makofi. Yeye alinitazama tu, akarudi mahali pake akaketi. Hakulia.

Jumatatu nilipomwekea picha, alinionyesha kuku kwa kidole. Nikangoja. Akaonyesha tena. Ikawa hivyo wiki nzima, na wiki iliyofuata. Nikamwendea baba yake langoni, nikamuuliza kama na nyumbani amenyamaza.

"Nyumbani anaongea, mwalimu," alisema. "Anakwama, lakini anaongea."

Baadaye nikagundua kwamba hata shuleni alikuwa anaongea. Alikuwa akienda jikoni kwa mama mpishi, anakaa juu ya mtungi uliogeuzwa, anamsimulia. Mama yule hakuhudhuria mafunzo yoyote. Alikuwa anachagua maharage na kuitikia, "Eeh, mwanangu," na hana haraka ya kufika popote. Nilisimama nje ya mlango nikisikiliza. Nilipoingia, akanyamaza.

Nilimwomba radhi. Nilipiga magoti mkekani nikamwambia kwamba neno lile lilikuwa lake, na mimi nililichukua, na nilikosea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali, kisha akaendelea kupaka rangi.

Likizo ya Agosti baba yake alihamishiwa kituo cha mbali. Hakuna aliyenijulisha, niliona tu shule ilipofunguliwa kwamba hakuja. Mama mpishi alijua. Mtoto alikuwa amemweleza siku ya kufunga, pamoja na jina la mahali waendako, na ilikuwa imemchukua muda mrefu kulitamka.

"Hakukwambia, mwalimu?" aliniuliza.

Nikasema hapana, hakuniambia.