Dhoruba Iliyosafishwa

Studioni walimwita Radi, ingawa mwenyewe mlango ukibamizwa tu, roho juu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza sauti za michezo ya redio, na kwenye dhoruba hakuwa na mpinzani. Ngurumo na upepo aliviunda kwa kompyuta. Mvua aliifuata nje na kinasa sauti, maana mvua ya kompyuta, alisema, ni kama mtu anakaanga vitunguu.

Alasiri moja akiwa kwa mama yake, mbingu zikafunguka. Radi akavaa hedifoni, akaganda dirishani na kinasa chake. Chumbani bati likaanza kuinuka, maji yakaingia, mama akahangaika kuburuta kabati peke yake.

"Baba, njoo unishikie!"

Aliita mara tatu. Radi hakutikisika, mvua ya namna ile haiji kila siku. Kabati likamwangukia mama mkononi.

"Sikukusikia, mama," alisema baadaye, akimfunga bendeji. "Si nilikuwa nimeziba masikio na madude haya?"

Mama akaamini. Hilo ndilo lililomkosesha Radi raha. Heri angemgombeza.

Studioni akaikata sauti ya mama kwenye rekodi, kipande kwa kipande, akaziba mapengo kwa upepo wa kompyuta. Mwongozaji wa mchezo alisikiliza, akapiga meza. "Wewe mtu ni mchawi! Nimetamani mwavuli humu ndani."

Sifa zikampanda kichwani. Jumapili asubuhi akabeba kompyuta hadi kwa mama ili awe wa kwanza kusikia. Akamvisha hedifoni, akabonyeza.

Mama akatulia, kisha akacheka. "Hao si kuku wa jirani? Na hilo beseni langu la uani linabingirika! Ebo! Kumbe ukivaa haya unasikia hata..."

Akazivua taratibu kwa mkono ule mzima, akazitazama, kisha akamtazama yeye.

Radi akahisi uso unamwaka. Utetezi wote aliokuwa nao ulikuwa kama upepo wake, wa kutengeneza.

"Nilikusikia," alisema. "Mara zote tatu."

"Na mbona mimi simo humu?"

"Nilikutoa."

"Ukaniweka wapi?"

Akamgeuzia kompyuta. Sauti alizozitoa alizitupia kwenye faili moja, na jina la faili hilo hakuwahi kulifikiria mara mbili, mpaka mama alipovaa miwani na kulisoma silabi kwa silabi, kama mtoto wa darasa la kwanza:

"Ta-ka-ta-ka."