Mdomo wa Mke wa Mpiga Picha

Mtaa mzima ulimwita Tabasamu, na jina hilo alilipata kazini. Kwenye studio yake hapigwi picha mtu aliyenuna. Na ukitoka kwake umetoka: chunusi kazifuta, kope iliyolegea kaiinua, jino lililochomoza kalirudisha nyumbani. "Mteja hajaja kununua ukweli," alizoea kusema. "Ukweli anao kwake, kwenye kioo." Kinyozi jirani akamjibu, basi wewe ni mwongo mwenye leseni, wakacheka wote wawili.

Asiyekuwa na picha ni mkewe. Tangu ugonjwa ulipompooza upande mmoja wa uso na mdomo ukaenda kombo, alikataa kamera katakata. Hata binti yao aliyefanya kazi ng'ambo akipiga simu ya video, mama huielekeza simu darini.

"Mama, naona balbu tu!"

"Ndiyo, mpya hiyo. Baba yako kainunua juzi."

Binti hakuchoka. Akawatafutia tovuti mpya ya kuwekeana picha, akamwelekeza baba jinsi ya kujiunga. Lo, Tabasamu alivyonogewa! Akaweka picha ya kuku, ya mlango wa studio, ya kinyozi kasinzia kwenye kiti cha wateja. Binti akawa anaandika neno lile lile chini ya kila picha: na mama je?

Basi siku moja mke yuko uani anaanika nguo, anacheka na jirani, mume akachomoa simu, paa! Sijui shetani gani alimpitia. Kilichofuata alikifanya bila kuwaza, mkono ulishazoea: aliketi kwenye kompyuta akaunyoosha ule mdomo, taratibu, kwa mapenzi yake yote, kisha akaiweka picha kwenye tovuti.

Jibu la binti lilifika wakati mke anamletea mumewe chai, akalisoma akichungulia begani mwake: "Baba, hiyo ya zamani. Nataka ya sasa."

"Huyu nani?" mke aliuliza.

"Si ni wewe, mke wangu! Umetoka kama siku ya harusi."

"Basi kaishi na huyo wa harusi."

Nyumba ikapoa. Chakula kilipikwa, maji ya kuoga yalitengwa, lakini maneno hakuna. Tabasamu akajaribu vichekesho vyake vyote, vikagonga mwamba. Ndipo akaukumbuka wimbo waliouchezea harusini. Kanda yake ilishaliwa na redio zamani. Akaingia kwenye tovuti za kuuza nyimbo. Ya kwanza ikamuuzia wimbo wa jina hilo hilo, kumbe ndani vijana wanapiga kelele utadhani nyumba inaungua. Ya pili ndiyo ilikuwa nao wenyewe. Akalipa, akaupakua, akaukimbiza jikoni.

Wimbo ulikuwa umenakiliwa kutoka santuri kuukuu, ukaanza kwa kukwaruza. Mke akawa anakoroga sufuria, anasikiliza.

"Sikia hiyo mikwaruzo!" Tabasamu alisema, machozi yakimlengalenga. "Hawakuifuta. Wangeifuta, ningedai pesa zangu. Wimbo wetu ndio huo, na mikwaruzo yake."

Mke akazima jiko.

"Wimbo unautaka na mikwaruzo yake," alisema polepole. "Mimi ukanifuta."

Jamani, bingwa wa maneno akaketi kwenye kigoda akalia, mtu mzima na mvi zake, wala hakujificha.

"Nisamehe, mke wangu. Nilidhani nakusitiri."

"Nani kakwambia niko uchi?"

Akamwacha alie kidogo, maana alistahili. Kisha akajifuta mikono, akasogea dirishani penye mwanga. "Haya, piga. Na ukinyoosha hata unywele, utalala studio."

Akapiga. Ile ya kwanza ikaondolewa, hii ikawekwa kama ilivyo, mdomo kombo na jasho la jikoni juu yake. Jiko halijapoa, simu ikaita. Safari hii mama aliishika mbele ya uso wake. Upande wa pili binti alikuwa akilia hata hawezi kusema.

"Unalia nini, mwanangu? Ni mdomo tu."

"Ndiyo, mama. Ni mdomo tu." Akavuta kamasi, akacheka, akalia tena. "Mimi nilishadhani unakufa, mnanificha."